Mwalimu na Msumari wa Mausi

Ukipotelewa na mausi ya kompyuta pale Ngarenaro, Arusha, usikimbilie polisi. Pita kwanza kwa Mwalimu. Ndivyo tulivyokuwa tukiwaambia wageni, nao wakadhani tunawatania. Ukutani mwa karakana yake kulikuwa na ubao wenye misumari, kama ule wa kutundikia funguo za gesti, na kwenye kila msumari ilining'inia mausi kwa waya wake. Kila moja ilibandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, Jumamosi alizokosa, na neno moja: mkungu. Yangu imekaa pale mara saba. Sioni aibu kusema, maana yupo mchungaji ambaye yake ilikaa mara tisa.

Mimi nina steshenari. Ukuta wangu na wake ulikuwa mmoja, tena wa mbao, kwa hiyo miaka kumi na mbili nilisikia kila alichosema, hata nisichotaka kusikia. Alifundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Wenzake walipostaafu walirudi kwenye kahawa zao. Yeye akafungua karakana ya kutengeneza kompyuta, na huku akiandika programu. Programu yenyewe ni moja tu. Aliiandika kwa ajili ya akina mama wa kikundi cha maziwa kule Nkoaranga, nyumbani kwake: nani kaleta lita ngapi, ng'ombe gani anaumwa, na mwisho wa mwezi kila mtu anachapiwa karatasi yake. Akaigawa bure. Na aliigawa ikiwa wazi, kila mstari alioandika unaonekana, anayejua kusoma asome, anayetaka kubadilisha abadilishe. Mtaani wakampa jina la pili, Mzee wa Bure. Hilo hakulipenda hata kidogo.

Nitasema mapema alichokuwa anakitaka, kwa sababu bila hicho utamwona kichaa, na kichaa hakuwa, ingawa alijitahidi. Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho, na kwamba mwanga wake utafunga polepole kutoka pembeni kuja katikati. Siku aliyoniambia habari hiyo alikuwa anakoroga chai yangu kwa kalamu yangu. Nikamuuliza, sasa hiyo programu itakuwaje? Akajibu kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo mpaka likachakaa.

"Jirani, nataka kitu kimoja. Nataka Jumamosi moja nisiwepo, na watu wakutane waisafishe bila mimi. Mfereji wa mtu mmoja ni shimo."

Hapo inabidi nieleze mambo ya mfereji, kwa mtu asiyetoka mlimani. Kule Meru maji yanashuka kwenye mifereji iliyochimbwa na mababu, yanapita kwenye migomba ya huyu na kahawa za yule. Maji hayauzwi. Ila siku ya msaragambo, siku ya kazi ya pamoja, kila anayeyatumia anatoka na jembe kuzibua mfereji. Usipotoka, wazee wanakuja kwako, wanasalimia vizuri, wanaulizia watoto, kisha wanaondoka na sufuria yako. Utaipata ukileta faini, na Jumamosi inayofuata utoke na jembe. Hakuna anayekasirika. Unakasirika kidogo, lakini unatoka.

Mwalimu aliuchukua utaratibu huo kama ulivyo, akauhamishia kwenye kompyuta. Nani alimtuma, sijui. Kila anayetumia programu yake alitakiwa kufika karakana Jumamosi moja kwa mwezi, saa tatu mpaka saa sita, kuisafisha: kutafuta makosa yake na kuyarekebisha. Asipofika bila taarifa Jumamosi mbili, Mwalimu anakuja ofisini kwake na kofia mkononi, anasalimia, anaulizia watoto, anachomoa mausi, anaondoka nayo. Faini ni mkungu mmoja wa ndizi na Jumamosi moja ya kazi. Mkungu ulipikwa palepale msaragambo, na wote tulikula.

Mara ya kwanza aliponichukulia mimi nilikuwa na wateja watano kwenye foleni, mmoja na barua ya kuombea kazi ambayo mwisho wake ulikuwa siku ileile. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake nikamwambia hiyo siyo bure, huo ni unyang'anyi wenye adabu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Bure ni programu," akasema. "Uvivu hatujasema ni bure."

Nikanunua mausi nyingine kwa hasira. Akaja kuichukua hiyo pia, akisema mtu aliyekosa hawezi kukwepa kwa kununua sufuria ya pili.

Sasa usidhani alikuwa mkarimu. Loo! Mtu aliyegawa kazi yake ya miaka yote alikuwa bahili wa kutupwa. Sukari aliifungia kwenye kabati. Mlango wa karakana ulikuwa na kufuli tatu, wakati programu yenyewe haikuwa na hata neno la siri. Bisibisi hakuazima mtu. Elibariki, fundi magari wa ng'ambo ya barabara, aliwahi kuomba ile ndogo kwa dakika tano tu, akanyimwa mbele ya watu. Elibariki akauliza, kwa haki kabisa, mtu wa namna gani anagawa programu na kunyima bisibisi.

"Bisibisi nikikupa, sina," akasema Mwalimu. "Programu nikikupa, ninayo. Tena ukiitengeneza ukanirudishia, ninayo nzuri zaidi. Sasa wewe niambie ipi nikunyime."

Elibariki alikaa na jibu hilo wiki nzima. Alinijia dukani kutoa fotokopi ya leseni, akasema, "Mama Neema, yule mzee amenisumbua akili. Nimetafuta kosa kwenye yale maneno sijalipata." Kisha akaenda akanunua bisibisi yake.

Kwa biashara hiyo alikula wapi, basi? Swali hilo kila mtu aliuliza, hata mke wake, tena mke wake kuliko wote. Nje ya karakana aliweka kibao alichokichora kwa mkono. Programu: bure. Kuwekewa: bure. Kufundishwa: bure. Kuharakishwa: shilingi elfu kumi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini mzee alikuwa anaijua Arusha. Ukimwendea bure, alianza kukufundisha tangu namba zilipoanza, akapita kwenye umeme, akachora ng'ombe, na saa nne baadaye ulikuwa bado hujagusa kitufe. Mtu mwenye watalii wanamsubiri hotelini angevumilia dakika kumi na tano, halafu anatoa elfu kumi mfukoni na Mwalimu anafanya kazi yote kimya kwa dakika sita. Waliokuwa hawana haraka walifundishwa vizuri sana, bila senti. Waliokuwa na haraka walimlisha. Mwenyewe alisema hauzi programu, anauza kunyamaza kwake, na hiyo ndiyo mali pekee ambayo hakuna mwingine angeweza kuinakili.

Nisisahau watu walivyoibadilisha programu ile. Kwa kuwa ilikuwa wazi, kila mtu aliichukua akaikata kwa vipimo vyake, lakini kwa kuwa wengi hawakujua sana, walibadilisha nusu wakaacha nusu. Kwaya moja ya Sokon I iliitumia kuandikisha mahudhurio ya mazoezi. Mwisho wa mwezi waimbaji walipewa karatasi zinazosema, "Umeleta lita nane. Maziwa yako ni mazuri." Mwimbaji mmoja wa besi, ambaye alikosa mazoezi mara tatu, karatasi yake ilisema ameonekana na dalili za homa ya kiwele. Aliibandika sebuleni. Kamati ya harusi ya binti wa mjomba wangu iliitumia kwa michango, na mpaka leo kuna watu wanajivunia kwamba walichangia lita mia mbili. Elibariki gereji kwake ndiyo kabisa: kila gari aliliandika kama ng'ombe. Nimeshuhudia kwa macho yangu mteja, mtu mzima na tai shingoni, akipokea karatasi inayosema pikapu yake nyeupe haina mimba.

Mtu mwingine angeona ametukanwa. Mwalimu alifurahi kama mtoto. Aliziomba karatasi zile, akazikusanya kwenye faili, na usiku wa kuamkia msaragambo alizisoma moja moja kutafuta mtu aliyebadilisha kitu kwa akili. Kwaya, kwa mfano, ndiyo iliyoongeza sehemu ya kutuma ujumbe kwa aliyekosa. Akina mama wa Nkoaranga waliichukua, na tangu hapo aliyekosa kuleta maziwa aliulizwa hali. Mama mmoja mzee alipatikana ameanguka bafuni kwa sababu ya ujumbe huo. Mwalimu hakuhubiri juu yake. Alisema tu kwamba yeye angekaa miaka mia hajawaza jambo hilo, maana yeye haimbi.

Kwenye msaragambo asiyejua kuandika programu hakusamehewa. Kazi zilikuwepo. Kuna waliosoma maneno kwenye skrini kwa sauti na kusema lipi hawalielewi. Kuna waliotafsiri kwa Kimeru. Na kulikuwa na Mama Anaeli, katibu wa kikundi cha maziwa, aliyekuwa na mkono wa ajabu. Akigusa programu, inakufa. Hatujui alifanyaje. Wewe ungebonyeza palepale mara mia isife. Yeye anakuja, anavua miwani, anabonyeza kwa kidole cha shahada kama anayemtoboa mtu jicho, na skrini inakuwa nyeupe. Nyumbani kwake alikuwa akiuonea aibu. Mwalimu alimtumia nauli ya bodaboda kutoka Nkoaranga aje aharibu.

Alimwekea kiti chenye mto. Kila alipoiua programu, Mwalimu alisimama, akampa mkono, akaandika alichobonyeza. "Anayeharibu mbele yako ni mali," alituambia. "Anayeharibu nyumbani kwake akanyamaza, huyo ndiye hasara." Mama Anaeli alianza kuja amevaa kitenge kipya.

Lakini ukweli usemwe. Watu hawakuja kwa mapenzi. Walikuja kwa sababu ya mausi. Nilimwambia hivyo waziwazi siku moja tukimenya ndizi, maana mimi sina dogo moyoni. Nikamwambia Mwalimu, siku ukiacha kuchukua mausi, hapa utabaki wewe na nzi. Aliendelea kumenya. Akasema hata mferejini watu walikuja kwa ajili ya sufuria. Nikamuuliza, na aliyekuwa anakwenda kuchukua sufuria akifa? Alimenya ndizi ile mpaka ikaisha mkononi, na mimi nikajuta, kwa sababu nilijua nimemgusa penye kidonda. Macho yake mwaka ule yalikuwa yamefunga kiasi kwamba ukimpitia pembeni hakuoni.

Na ni macho hayohayo yaliyoleta kioja cha duka la dawa. Alikuwa amedhamiria kwenda kuchukua mausi ya wakala wa mabasi aliyekosa mara mbili. Akakosea mlango. Akaingia duka la dawa la jirani yake, akavua kofia, akamsalimia dada wa dukani, akaulizia watoto, akachomoa mausi, akaaga. Dada yule, msichana wa Kichaga aliyekuwa ameanza kazi wiki moja tu kabla, hakuwahi hata kuisikia programu ya maziwa. Lakini alimwona mzee mwenye koti, mwenye adabu, mwenye karatasi. Akadhani ni mambo ya serikali. Jioni akaja karakana na mkungu wa ndizi mshare kichwani, kwa kuwa mzee alimwambia faini ni mkungu na Jumamosi moja, na yeye mtii.

Alikuja Jumamosi ile. Akaja na iliyofuata. Alikuja karibu mwaka mzima, saa tatu kamili, na daftari lake. Kwa kuwa alizoea kusoma maandishi ya madaktari, hakuna kosa lililompita. Alijifunza kuandika programu kwa kumuuliza Mwalimu maswali ambayo hakuna aliyewahi kuuliza, na kwa kuwa hakuwa na haraka, alifundishwa bure, tangu namba zilipoanza. Siku Mwalimu alipoandaa orodha ya watumiaji ndipo akagundua jina la dada halimo. Mwalimu akasimama, akaomba radhi rasmi, akamrudishia mkungu wake kwa maneno, maana wenyewe tulishaula.

Dada akauliza, "Kwa hiyo sikuwa natakiwa?"

"Hukuwa unatakiwa."

Akafikiri. Kisha akasema kuna kosa kwenye ukurasa wa lita, akimaliza hilo ndipo ataamua. Hajaamua mpaka leo. Yuko palepale.

Wale wa kampuni walikuja kipindi kilekile. Walikuwa wawili, kijana na mwanamke mwenye viatu virefu, kutoka kampuni moja mjini ambayo jina lake silitaji. Walikuwa wamesikia kwamba vikundi vya maziwa, kwaya, gereji na kamati za harusi zote zinatumia programu moja, na hawakulala. Walikuja kuinunua. Nia yao, walivyoeleza wenyewe kwa upole, ilikuwa kuifunga: watu waendelee kuitumia, lakini kwa kulipia, na isionekane tena ndani. Walitaja kiasi. Nilikisikia kupitia mbao nikaangusha stepla. Mke wa Mwalimu, aliyekuwa amekuja kumletea chakula, alikaa kwenye kiti cha Mama Anaeli bila kukaribishwa. Pesa ile ingempeleka mzee kwa daktari yeyote wa macho duniani.

Mwalimu aliwauliza mnanunua kwa nani. Wakasema kwako. Akasema yeye siye peke yake, akafungua orodha ya wote waliowahi kuisafisha, akaanza kuwasomea. Alikuwa amemwandika kila mtu. Aliyeandika mistari mia na aliyesahihisha neno moja walikaa kwenye orodha ileile. Mimi nilikuwemo, kwa sababu niliwahi kusema neno "batilisha" linatisha, tuweke "futa". Mama muuza uji alikuwemo. Mchungaji wa mausi tisa alikuwemo. Akasema mkiwapata hawa wote wakakubali, mimi wa mwisho nitakubali. Wengine wameshahama, wawili wamefariki, kwa hao mtaongea na familia.

Yule mwanamke alikuwa mwerevu. Alicheka, akauliza basi thamani yake iko wapi, kama haiuziki? Mwalimu akamwambia njoo Jumamosi uione. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu hakuwahi kuwa na subira ya siku mbili. Wakaja kweli, na laptopu zao, wakiamini huo ni mkutano wa wamiliki. Walipewa kila mmoja kosa lake la kurekebisha. Kijana alirekebisha la kwake vizuri sana, akashangiliwa, akala ndizi sahani mbili, akaandikwa kwenye orodha. Kwa kuandikwa kule naye akawa mwenye mali, na mwenye kutakiwa kufika.

Jumamosi mbili zilizofuata hawakuonekana. Unajua kilichofuata. Mzee wa watu alipanda bodaboda mpaka kwenye jengo lao la vioo, akapanda ngazi kwa sababu lifti haikumwamini, akavua kofia mapokezi. Alirudi na mausi isiyo na waya, ya gharama. Kwa kuwa haina waya haikutundikika, ikawekwa kwenye soksi na soksi ndiyo ikatundikwa. Mkungu waliuleta kwa gari, tena ndizi mbivu za dukani. Mwalimu akazikataa. Alisema ndizi za kuiva ni zawadi, faini hupikwa.

Hawakurudi tena kununua. Usiku wa siku aliyozikataa ndizi mke wake alilia, nami sikumlaumu, nilikaa naye. Aliniambia, "Mama Neema, mume wangu amewaandika watu wote mpaka muuza uji, akasahau kuandika macho yake." Nilikuwa nimemkasirikia mzee kuliko siku zote, na niliendelea kumkasirikia mpaka mvua zilipoanza. Kesho yake nilimwambia usoni kwamba ubishi wake utamla. Akasema daktari wa hapa amekwisha kumweleza, yaliyofungwa hayafunguliwi kwa pesa, yanachelewa tu. Kama alisema kweli au alinituliza, sijui.

Baada ya masika hakuweza tena kuvuka barabara. Watoto wake wakamhamishia Nkoaranga, yeye na kompyuta moja. Funguo za kufuli zote tatu akaniachia mimi. Bisibisi akaondoka nazo.

Jumamosi ya kwanza bila yeye nilifungua karakana saa tatu kasoro robo, nikapanga mabenchi, nikakaa. Nitasema kweli, nilitegemea nzi. Saa tatu akaingia dada wa duka la dawa na daftari. Kisha Elibariki, mikono ina grisi. Kisha Mama Anaeli na kitenge chake, kalipa nauli mwenyewe. Wakafika kumi na wanne. Hakuna aliyesema neno kubwa. Walikaa, wakafanya kazi, Mama Anaeli akaiua programu mara mbili, tukampa mkono. Niliingia nyuma ya kabati la sukari nikafuta machozi kwa karatasi ya fotokopi, ambayo haifuti kitu.

Jumamosi ya mwezi uliofuata tukafika kumi na sita. Na hapo ndipo dada wa duka la dawa alipofungua daftari la mahudhurio akasoma waliokosa mara mbili bila taarifa. Lilikuwa jina moja tu.

Elibariki akasema haiwezekani, mzee ni mgonjwa, tumwache apumzike. Wengi wakaitikia. Dada akangoja wanyamaze. Ni mtu mpole, haongei kwa nguvu.

"Mgonjwa anatoa taarifa," akasema. "Hakutoa. Tukimwacha, tunasema si mwenzetu tena."

Kisha Mama Anaeli akanyoosha mkono, na mikono mingine ikafuata, mpaka ya Elibariki. Wakachaguliwa wa kwenda: dada, kwa sababu ndiye aliyesema, na mimi, kwa sababu nilikuwa jirani.

Ile njia ya kupanda kwake inateleza hata jua likiwaka. Nilipanda nikimwomba Mungu tumkute amelala. Tulimkuta kibarazani, kompyuta imewekwa juu ya kigoda, maandishi ameyakuza mpaka skrini nzima inaonyesha herufi moja. Alikuwa anasoma herufi kwa herufi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya mausi.

Tukamwamkia, shikamoo Mwalimu, akaitikia marahaba akiwa ameinamisha kichwa kututambua kwa sauti. Mkewe akaleta chai. Tukaulizia watoto. Nilipoulizia watoto nikaona kidole chake kimetulia juu ya mausi, nikajua amekwisha kuelewa.

"Mlikutana?" akauliza.

"Tulikutana. Mara zote mbili," nikasema.

"Nani alifungua?"

"Mimi."

"Nani aliharibu?"

"Mama Anaeli. Tumelipata kosa, dada amelirekebisha."

Akaweka kikombe chini. Dada akanitazama. Ilikuwa zamu yangu. Nikasema kama alivyokuwa akisema yeye, pole pole, na mikono mbele.

"Mwalimu, tumekuja kuchukua mausi."

Mkewe akashtuka, akataka kusema kitu. Mwalimu akamzuia kwa kiganja. Akapapasa nyuma ya kompyuta, akachomoa mwenyewe. Akaifuta kwa shuka alilojifunika. Akazungusha waya taratibu, akaufunga fundo, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

"Mmeandika?"

"Tumeandika," dada akasema.

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako, baba."

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, hata kwa karatasi ya gari lisilo na mimba. Alicheka huku machozi yanamtoka kwenye yale macho yaliyokataa kazi nyingine zote. Kisha akamgeukia mkewe akamwambia akate mkungu. Mkewe akauliza upi. Akasema mkubwa kuliko yote, ule aliokuwa anautunza kwa sherehe ya ubarikio wa mjukuu kanisani.

Wakati wa kuaga alituuliza kama Jumamosi bado ni saa tatu. Nikasema ni saa tatu.

"Anzeni tu," akasema. "Msinisubiri."

Tulishuka na mkungu tukipokezana, dada mbele mimi nyuma, mpaka barabarani. Ndizi tulizipika Jumamosi iliyofuata, tukala tukashiba. Mausi yake ipo msumari wa kwanza, juu kushoto, na kikaratasi chake nilikiandika mimi: Mwalimu. Mkungu umepokelewa. Imebaki Jumamosi moja.